Jino la Mbele Likivunjika: Yale Mkazi wa Isiolo Anapaswa Kujua Kuhusu Kipandikizi cha Jino

Meno ya mbele ya juu ndiyo huumia kwanza mtu anapoanguka kifudifudi. Yamejitokeza kuliko mengine, kila moja lina mzizi mmoja tu, na mfupa unaoyashika upande wa mdomo ni mwembamba, mara nyingi chini ya milimita moja. Hapa Isiolo majeraha hayo hutokea kwa njia zinazojulikana na kila mtu: ajali ya bodaboda, kugongana kwenye mpira, mtoto kuteleza shuleni, teke la punda au ng'ombe, ugomvi, na hata kufungua chupa ya soda kwa meno.

Aliyeumia hupokea ushauri mwingi kwa siku moja. Mmoja humwambia ling'olewe, mwingine humwambia aweke jino la kuvaa na kuvua, mwingine amesikia kwamba Nairobi wanapanda jino jipya kwenye taya. Somo hili linaeleza jino hilo la kupandwa, yaani kipandikizi, ni kitu gani, hufanyika vipi, linamfaa nani, na mgonjwa ajue nini kabla ya kutoa pesa yake. Linaanza na saa ya kwanza baada ya ajali, kwa sababu hapo ndipo gharama ya baadaye hupungua au kuongezeka.

SAA YA KWANZA

Jino la ukubwani likitoka zima pamoja na mzizi wake, bado linaweza kurudishwa na kushika. Juu ya mzizi huo kuna chembe hai zinazouunganisha na mfupa. Chembe hizo hufa haraka zikikauka, na kadiri dakika zinavyokwenda ndivyo matumaini yanavyopungua. Hatua ni hizi:

1. Tafuta jino na ulishike sehemu nyeupe inayoonekana mdomoni. Usiguse mzizi.

2. Likiwa na vumbi, lisuuze kwa sekunde chache tu kwa maziwa, au kwa maji safi kama maziwa hayapo. Usilisugue wala kulipangusa kwa kitambaa.

3. Lirudishe kwenye tundu lake papo hapo, upande uliokuwa mbele ubaki mbele. Mgonjwa aume kitambaa safi ili lisitoke.

4. Ikishindikana, liweke ndani ya maziwa. Hapa Isiolo maziwa hayakosekani, lakini yawe maziwa mapya. Maziwa lala na susa hayafai, kwa kuwa uchachu wake huua chembe za mzizi. Usilifunge jino kwenye karatasi au leso kavu.

5. Nenda kwa daktari wa meno mara moja. Ikiwezekana, fika ndani ya dakika 60. Jino lililorudishwa litafungwa pamoja na majirani yake kwa muda wa wiki kama mbili, na mgonjwa ataulizwa kuhusu chanjo ya pepopunda.

Jino la utotoni halirudishwi, kwa sababu linaweza kuharibu la ukubwani linaloota chini yake. Hata hivyo mtoto apelekwe akaangaliwe. Mtu aliyepoteza fahamu, anayetapika, au ambaye damu haikomi, apelekwe hospitalini kwanza kwa ajili ya jeraha la kichwa. Jino litafuata.

JE, NI LAZIMA LING'OLEWE?

Swali hili huulizwa na watu wachache mno, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Kipandikizi hufanya kazi nzuri, lakini ni badala ya jino lililopotea. Jino la asili linaloweza kutibiwa huachwa mahali pake.

Jino lililovunjika kipande hujazwa kwa dawa ya rangi ya meno, mara nyingi kwa siku moja. Kipande chenyewe kikipatikana, daktari anaweza kukigandisha tena, kwa hiyo kikusanywe na kuletwa ndani ya maji au maziwa. Jino lililovunjika hadi neva ikaonekana linaweza kufanyiwa tiba ya mzizi: ndani husafishwa, huzibwa, kisha jino huvishwa taji. Meno ya mbele yana mzizi mmoja ulionyooka, kwa hiyo tiba hiyo ni rahisi zaidi kuliko ya gego. Jino lililogeuka kijivu miezi kadhaa baada ya kugongwa huwa neva yake imekufa. Nalo hutibiwa kwenye mzizi na linaweza kung'arishwa kutoka ndani bila kung'olewa.

Jino lisiloweza kuokolewa huwa na dalili zake. Mzizi umepasuka kwa urefu, au jino limevunjika chini sana ya fizi hata hakuna pa kushikilia taji, au mzizi umeliwa na mwili wenyewe, au mfupa unaolishika umekwisha kwa ugonjwa wa fizi. Mambo haya huonekana kwa eksirei na kwa uchunguzi wa mkono wa daktari. Mgonjwa anayeambiwa "ling'oe" kabla ya eksirei ana haki ya kuuliza sababu, na ana haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili.

Jambo jingine huhusu rangi. Meno yenye madoa ya kahawia yanayotokana na floridi nyingi katika maji ya kunywa si meno yaliyooza. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta madoa hayo kwa takriban watoto 4 kati ya 10 nchini Kenya. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vya maeneo yenye miamba ya volkano huweza kupita kiwango hicho. Madoa hupunguzwa kwa kusuguliwa kitaalamu au kufunikwa kwa gamba jembamba la rangi ya jino. Kung'oa jino lenye nguvu kwa sababu ya doa ni hasara isiyolipika.

KIPANDIKIZI NI KITU GANI

Kipandikizi cha jino ni skrubu ndogo ya madini ya titani inayowekwa ndani ya mfupa wa taya mahali palipokuwa na mzizi. Jino kamili la bandia huwa na sehemu tatu: skrubu iliyo ndani ya mfupa, kiunganishi kinachotokeza kwenye fizi, na taji linaloonekana kama jino. Anayetazama huona taji peke yake.

Siri ya kazi hii iko kwenye titani. Mwaka 1952 daktari wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza namna mfupa wa sungura unavyopona. Alitumia vifaa vidogo vya titani, na alipotaka kuviondoa vilikataa kutoka, kwa kuwa mfupa ulikuwa umekua ukavishika. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, alimwekea vipandikizi mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson. Larsson alifariki mwaka 2006 vipandikizi vyake vikiwa bado vinafanya kazi, zaidi ya miaka 40 baadaye. Leo, vinapowekwa kwa mgonjwa anayefaa na kutunzwa, zaidi ya vipandikizi 9 kati ya 10 huwa bado vipo kazini baada ya miaka 10.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya kipandikizi na jino la asili. Jino hushikwa na nyuzi laini zinazolifanya liweze kusogea kidogo na kuhisi nguvu ya kuuma. Kipandikizi hushikana na mfupa moja kwa moja. Hakisogei na hakihisi. Kwa hiyo mtu mwenye kipandikizi hawezi kutegemea maumivu yamwonye kwamba ameuma kitu kigumu mno. Tofauti hii ndiyo inayoeleza mashauri mengi yanayofuata.

MFUPA HAUNGOJI

Mfupa wa taya uko pale kwa ajili ya jino. Jino likiondoka, mfupa huanza kusinyaa. Ndani ya miezi 12 sehemu iliyopoteza jino inaweza kupungua hadi karibu nusu ya upana wake, na upande wa mdomo ndio hupungua zaidi kwa sababu ya ule wembamba uliotajwa. Fizi hufuata mfupa: hushuka, na pengo huacha kibonde.

Chukua mfano wa vijana wawili walioanguka na pikipiki siku moja, kila mmoja akapoteza jino la mbele lisiloweza kuokolewa. Wa kwanza alimwona daktari wiki hiyo hiyo. Mzizi uliobaki ulitolewa taratibu bila kuvunja ukuta wa mfupa, tundu likajazwa, na mpango ukaandikwa. Wa pili alikaa na pengo miaka minne akikusanya pesa. Alipofika, mfupa ulikuwa mwembamba kuliko skrubu yenyewe. Yeye atahitaji kwanza kupandikizwa mfupa, kungoja miezi kadhaa, kisha ndipo kipandikizi kiwekwe. Muda wake umeongezeka, na pesa pia.

Funzo la mfano huu si kwamba kila mtu akimbilie kipandikizi wiki ya kwanza. Funzo ni kumwona daktari mapema, hata kwa asiye na pesa za kipandikizi leo, ili jino litolewe kwa njia inayohifadhi mfupa na mgonjwa ajue mlango gani bado uko wazi. Hata aliyekaa na pengo miaka mingi hajafungiwa mlango. Safari yake tu ni ndefu zaidi.

HATUA KWA HATUA

Uchunguzi. Daktari huangalia fizi, meno ya jirani na namna mgonjwa anavyouma. Hupiga eksirei, na kwa jino la mbele mara nyingi huhitaji picha ya pande zote tatu ili kupima unene wa mfupa. Huuliza kuhusu kisukari, shinikizo la damu, dawa anazotumia mgonjwa, uvutaji wa sigara na ujauzito. Majibu ya kweli humlinda mgonjwa mwenyewe.

Kung'oa na kujaza. Kama jino au mzizi bado upo, hutolewa. Wakati mwingine kipandikizi huwekwa siku hiyo hiyo. Mara nyingine tundu huachwa lipone kwa wiki kadhaa au miezi michache. Unga wa mfupa ukihitajika, unaweza kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, kwa binadamu aliyejitolea, kwa ng'ombe, kwa nguruwe, au ukawa wa kutengenezwa kiwandani. Utando unaofunika mahali hapo nao huweza kutokana na mnyama. Mkazi ambaye dini au imani yake inamzuia kutumia kitu fulani aulize mapema na aandike ombi lake, kwani mbadala upo.

Kuweka skrubu. Kazi hii hufanywa kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa macho, na kwa jino moja huchukua kwa kawaida saa moja au pungufu. Uvimbe na maumivu ya siku chache hutulizwa kwa dawa zitakazoandikwa na daktari.

Kungoja. Mfupa huhitaji kwa kawaida miezi 3 hadi 6 kushikana na skrubu. Mgonjwa hakai na pengo muda huo: huwekewa jino la muda, la kuvaa au lililogandishwa kwa majirani. Jino hilo ni la kuonekana tu. Kulitumia kukata mahindi ya kuchoma au nyama ngumu kunaweza kuitikisa skrubu kabla haijashika, na skrubu iliyotikiswa mapema mara nyingi hupotea.

Kiunganishi na taji. Daktari akishaona kipandikizi kimeshika, hufunga kiunganishi, huchukua vipimo, na fundi wa maabara ya meno hutengeneza taji. Kwa jino la mbele, rangi na umbo hulinganishwa na jino la jirani mchana, kwa mwanga wa asili. Mgonjwa aliangalie taji kwenye kioo kabla halijafungwa moja kwa moja, acheke na kuzungumza, na aseme kama hakuridhika. Wakati huo marekebisho ni rahisi.

NANI ANAFAA, NANI ASUBIRI

Umri mkubwa peke yake si kizuizi. Umri mdogo ni kizuizi. Taya la kijana bado linakua, na meno yake husogea pamoja nalo. Kipandikizi hakisogei. Kikiwekwa kwa mtoto wa miaka 14, miaka michache baadaye kitaonekana kifupi, kimezama huku meno ya jirani yameshuka. Ndiyo maana madaktari husubiri ukuaji wa taya uishe, kwa kawaida baada ya miaka 18, na kwa baadhi ya vijana baadaye zaidi. Mwanafunzi aliyepoteza jino huwekewa jino la kuvaa au daraja dogo la kugandisha, na mfupa wake hufuatiliwa hadi wakati ufike.

Mwenye kisukari anaweza kupata kipandikizi iwapo sukari yake imedhibitiwa. Daktari ataomba kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Sukari isiyodhibitiwa hupunguza kasi ya kupona na kuleta maambukizi.

Sigara na tumbaku huongeza hatari ya kipandikizi kushindwa hadi takriban mara mbili. Miraa nayo ina madhara yake. Hukausha mate, hutafunwa kwa saa nyingi, na mara nyingi huandamana na sigara na soda tamu. Mwenye jeraha jipya mdomoni asiitafune hadi daktari amruhusu, na akiweza kuiacha kabisa pamoja na sigara, kipandikizi chake kitakuwa na maisha marefu zaidi.

Mwenye fizi zinazotoka damu atibiwe fizi kwanza. Vijidudu vinavyokula mfupa wa meno ya asili hula pia mfupa wa kipandikizi. Aliyepigwa miale ya saratani kwenye taya, au anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, aseme mapema ili daktari ashauriane na wenzake. Mjamzito kwa kawaida husubiri hadi ajifungue, huku jino la muda likimstahi.

Mwenye kufunga Ramadhani ni vyema apange upasuaji kabla au baada ya mwezi huo, kwa kuwa siku za kwanza huhitaji maji, chakula laini na dawa kwa saa maalumu. Jambo la dharura, kama usaha au uvimbe, halisubiri.

NJIA NYINGINE

Kipandikizi si njia pekee, na kwa wengine si njia bora.

Jino la kuvaa na kuvua ndilo la bei nafuu na hutengenezwa haraka. Hukaa juu ya fizi, kwa hiyo mfupa huendelea kusinyaa, na baada ya miaka kadhaa hulegea na kuhitaji kubadilishwa. Huvuliwa usiku na kusafishwa.

Daraja la kawaida huunganisha jino la bandia na mataji ya majirani wawili. Halihitaji upasuaji na humalizika kwa wiki chache. Ubaya wake ni kwamba majirani wazima hulazimika kuchongwa. Kama majirani hao tayari wamevunjika na yanahitaji mataji, daraja huwa chaguo la busara.

Daraja la kugandisha hushikwa kwa bawa dogo nyuma ya jino la jirani, na jirani huchongwa kidogo sana au haguswi kabisa. Linafaa vijana na wanaongoja. Huweza kubanduka na kugandishwa tena.

Na mtu anaweza kuamua kubaki na pengo. Miongoni mwa Waturkana na Wasamburu, kuondoa meno ya mbele ya chini ilikuwa mila ya wazee, na sababu moja iliyotajwa ni kumlisha mgonjwa wa pepopunda ambaye taya zake zimebana. Mzee mwenye pengo hilo ambaye anakula na kuzungumza vizuri hana ugonjwa wa kutibiwa. Leo chanjo ya pepopunda ipo, kwa hiyo mtoto hahitaji tena kung'olewa. Kuchimba fizi za mtoto mchanga kwa kudai ana "meno ya plastiki" ni hatari zaidi: huleta maambukizi na kutokwa na damu, na huharibu meno yatakayoota baadaye.

GHARAMA NA SAFARI

Katika kliniki nyingi za binafsi jijini Nairobi, gharama ya kipandikizi kimoja pamoja na taji huvuka shilingi 100,000. Tangazo la bei ndogo mara nyingi huwa ni la skrubu peke yake. Mgonjwa aombe hesabu iliyoandikwa, ikitenganisha uchunguzi na eksirei, kung'oa, kupandikiza mfupa, skrubu, jino la muda, kiunganishi, taji, na ziara za ufuatiliaji. Aulize pia nani atalipa iwapo skrubu haitashika.

Kwa mkazi wa Isiolo safari nayo ni sehemu ya gharama. Kutoka mjini Isiolo hadi Nairobi ni takriban kilomita 280, na anayetoka Merti, Sericho au Oldonyiro ana safari nyingine kabla ya hiyo. Kazi nzima inaweza kuhitaji ziara tano hadi nane katika muda wa nusu mwaka au zaidi. Nauli na malazi vihesabiwe tangu mwanzo. Baadhi ya ziara, kama kutoa nyuzi na kuangalia kidonda, zinaweza kufanywa karibu na nyumbani madaktari wa pande zote mbili wakikubaliana. Kuanza kisha kukatia njiani ni hasara kubwa kuliko kungoja pesa itimie.

Mahali pa kuanzia ni kitengo cha meno katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Isiolo, ambako jino huangaliwa na mgonjwa hupewa rufaa ikihitajika. Aliye mbali aanzie hospitali ya Garbatulla au ya Merti, au zahanati iliyo karibu, ili apewe huduma ya kwanza na barua ya rufaa. Wataalamu wa vipandikizi wengi wako Nairobi na miji mingine mikubwa, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina hospitali ya kufundishia madaktari wa meno.

Aliyesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, aulize kituo kabla ya matibabu ni huduma gani ya meno inalipiwa na ni ipi atalipa mwenyewe. Asichukulie kwamba kipandikizi kimo. Usajili wa SHA hufanywa kwa simu kupitia *147# au katika kituo cha afya. Mwenye bima ya kazini asome masharti yake, kwani bima nyingi hutofautisha kati ya tiba ya meno na kazi ya urembo.

MASWALI YA KUMUULIZA DAKTARI

Daktari mzuri hakasirishwi na maswali. Mgonjwa aende nayo yakiwa yameandikwa.

Je, jino langu haliwezi kuokolewa? Naomba unionyeshe kwenye eksirei.

Je, umesajiliwa na baraza la madaktari, na umewahi kuweka vipandikizi vya meno ya mbele?

Je, mfupa wangu unatosha, au nitahitaji kuongezewa? Utatoka wapi?

Nitakuwa na jino gani la muda, na litakaa kwa muda gani?

Jumla ya gharama ni ngapi, na italipwa kwa awamu zipi?

Kipandikizi ni cha kampuni gani na cha ukubwa gani?

Swali la mwisho lina sababu. Skrubu za kampuni mbalimbali haziingiliani. Miaka kumi baadaye taji likilegea na mgonjwa hajui aina ya kipandikizi chake, daktari mpya atahangaika kutafuta kifaa kinachokifungua. Mgonjwa aombe kadi yenye jina, ukubwa na nambari ya kipandikizi, aihifadhi pamoja na kitambulisho, na aipige picha kwa simu.

Kuhusu usajili, kila daktari wa meno nchini huhitaji leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, inayohuishwa kila mwaka. Orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwa umma kwenye tovuti ya baraza hilo. Mtu anayebandika meno sokoni au nyumbani kwa gundi hana leseni hiyo. Gundi huchoma fizi, na jino lililobandikwa juu ya mzizi mbovu huficha usaha hadi uso uvimbe.

BAADA YA KIPANDIKIZI

Taji halitoboki kwa kuoza, lakini fizi na mfupa unaokishika kipandikizi huugua. Ugonjwa huanza kimya: fizi huwa nyekundu, hutoka damu wakati wa kupiga mswaki, kisha mfupa hupungua taratibu. Ukigunduliwa mapema hudhibitiwa. Ukiachwa, kipandikizi hutoka.

Kinga yake ni ya kila siku. Meno yapigwe mswaki mara mbili kwa dawa yenye floridi, na kati ya kipandikizi na majirani kusafishwe kwa uzi wa meno au kijibrashi chembamba. Mswaki wa mti, unaotumiwa sana katika kaunti hii, unasafisha vizuri ukitumiwa kwa upole. Uwe mpya, laini, na usogezwe kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino. Usichomekwe kwa nguvu pembeni ya kipandikizi. Kila miezi sita daktari aangalie, na eksirei irudiwe atakapoona inafaa.

Taji si kifaa cha kazi. Lisifungue chupa, lisivunje mfupa wala barafu, lisikate uzi. Mwenye kusaga meno usiku aombe kinga ya kuvaa wakati wa kulala.

Arudi kwa daktari bila kungoja siku ya miadi anayeona maumivu yanaongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, usaha au ladha mbaya, uvimbe unaopanda kuelekea jichoni, ganzi ya mdomo isiyoisha, au taji linalochezacheza. Taji linalocheza mara nyingi ni skrubu ndogo ya juu iliyolegea, na kukazwa kwake ni kazi ya dakika chache. Likiachwa licheze, skrubu hiyo hukatika ndani.

KWA UFUPI

Jino lililotoka zima: maziwa mapya, na daktari ndani ya saa moja. Jino lililovunjika: eksirei kabla ya kung'oa. Jino lisiloweza kuokolewa: mpango mapema, kabla mfupa haujaisha. Kijana ambaye bado anakua: asubiri akiwa na jino la muda. Kipandikizi: daktari mwenye leseni, hesabu iliyoandikwa, kadi iliyohifadhiwa, na mswaki kila siku.

Wazazi, walimu, makocha wa timu za mitaa na wahudumu wa bodaboda wanahimizwa kuwafundisha wengine hatua tano za saa ya kwanza. Kofia ngumu inayofunika uso hadi kidevuni humkinga mwendeshaji na abiria kuliko ile ya kufunika utosi tu, na bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya jino moja.